Unasoma Nini Sasa? Mwongozo Kamili wa Kupendekeza Vitabu Vikasomwa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu msemo huo haushiki. Vipo vitabu vizuri mno ambavyo hukaa rafuni miaka na miaka bila mtu kuvifungua, na mara nyingi kinachovitoa huko ni sauti ya mtu mmoja aliyemwambia mwenzake, "Hiki nimekisoma nikakukumbuka wewe." Tatizo ni kwamba wengi wetu, hata tunaosoma sana, hatujui kulisema jambo hilo likamwingia mtu. Tunasema "ni kitabu kizuri sana, lazima ukisome," mwenzetu anaitikia kwa adabu, na habari inaishia hapo.

Naamini kupendekeza kitabu ni kazi inayofundishika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kumjua mtu utakayempa. Nitaipitia hatua kwa hatua, kuanzia siku unayofungua ukurasa wa kwanza hadi siku mwenzako anapokuja na maoni yake. Huhitaji kuwa mhakiki wala kuwa na kabati lililojaa. Vitabu vitatu ulivyovisoma kwa makini vinatosha kuanza navyo.

1. Andika ukiwa bado unasoma

Mwezi mmoja baada ya kumaliza riwaya, kichwani hubaki vitu vichache: tukio moja, jina la mhusika mkuu, na hisia kwamba ilikuwa nzuri au ilichosha. Kwa akiba hiyo huwezi kumshawishi mtu. Tenga daftari dogo, au sehemu ya kuandikia kwenye simu, iwe ya vitabu peke yake.

Kila unapoanza kitabu, andika jina lake, mwandishi, mwaka wa toleo ulilonalo, na mtu aliyekupa habari zake. Hilo la mwisho watu hulipuuza, lakini mimi nalitilia mkazo. Baada ya vitabu kadhaa utaanza kuona ni nani ambaye vitabu vyake hukufaa kila mara, na ni nani ambaye ladha zenu hazikutani hata kama mnapendana sana. Wa kwanza mfuate kwa karibu. Wa pili pia ana faida: akikuambia kitabu fulani kimemchosha, huenda kikakufaa wewe.

Kama ni tafsiri, andika na jina la mfasiri, na ulitaje unapozungumza. Ukisema umesoma *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, mtaje pia Ida Hadjivayanis, aliyeileta kwa Kiswahili mwaka 2022, maana kila sentensi ya Kiswahili uliyoifurahia mle imepita mikononi mwake. Kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa: kitabu kimoja kinaweza kuwa na tafsiri mbili au tatu zinazotofautiana sana, na mwenzako akipata ile nyingine atakushangaa ulipenda nini. Ukitaka kuwa na hakika kwamba atapata toleo lile lile, mpe namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, iliyo nyuma ya jalada. Vitabu vilivyotoka kuanzia mwaka 2007 vina namba yenye tarakimu 13. Vya kabla ya hapo huwa na 10, na vya zamani zaidi havina kabisa.

Kisha soma, na njiani andika namba ya ukurasa na maneno machache tu. Usifupishe hadithi, muhtasari umeshaandikwa nyuma ya jalada. Andika pale uliposimama ukarudia sentensi, pale ulipochoka, na pale ulipobadili mawazo juu ya mhusika. Ukurasa wa daftari lako unaweza kusomeka hivi:

*Uk. 31: barua bado haijafunguliwa. Kwa nini?*
*Uk. 58: nimechoka, maelezo ya safari ni marefu.*
*Uk. 112: kumbe mjomba ndiye mwenye haki.*

Mistari hiyo mitatu imeshabeba pendekezo zima. Kitabu kina fumbo linaloanza mapema, kinapoa kabla ya katikati, halafu kinakugeuzia mtu uliyedhani unamjua. Mstari wa pili ndio ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu ndio utakaokuwezesha kumwambia mwenzako, "Ukifika kwenye safari utachoka. Vumilia kurasa ishirini." Anayeonywa hivyo huvuka. Asiyeonywa hukifunga kitabu hapo hapo na kudhani ulimdanganya.

2. Ukiulizwa "unasoma nini?" nawe bado uko katikati

Swali hili huulizwa haraka na hujibiwa haraka: jina la kitabu, kimya. Jibu hilo halimpi mwenzako pa kushika. Sema mambo matatu: umefika wapi, kitabu kinahusu nini kwa sentensi moja, na kinakufanya uhisi nini sasa hivi. Kwa mfano:

"Niko theluthi ya kwanza. Ni habari za ndugu wawili wanaogombea shamba la baba yao, na baba mwenyewe bado yu hai. Mpaka sasa namchukia mkubwa, lakini nahisi mwandishi ananiandalia jambo."

Hapo hujatoa hukumu, na hukupaswa kuitoa. Hukumu ya katikati ya kitabu ina hatari pande zote mbili. Ukisifu mno, mwisho ukaja kukuangusha, utakuwa umeshamtuma mtu. Ukiponda mapema, utajikuta unaona aibu kukisifu kitabu hata pale kinapobadilika na kuwa kizuri. Sema ulichohisi mpaka ukurasa ulipofika, basi.

Hata kukwama ni habari ya kushirikisha. "Nimesimama sura ya nne, siioni njia" ni jibu la kweli, na mara nyingi huzaa mazungumzo marefu kuliko sifa, kwa kuwa aliyewahi kukisoma atakuambia yeye alipitaje pale.

Ukipenda kuweka picha ya kitabu kwenye stetasi au kwenye kundi lenu, ambatisha sentensi moja yako mwenyewe. Jalada tupu husema tu kwamba una kitabu. Ukipiga picha ya aya, chagua fupi inayosomeka bila kukuza, isitoke kurasa za mwisho, na useme kwa nini umeichagua. Na kama unasoma vitabu vinne kwa wakati mmoja, taja kimoja. Orodha ya vinne humchosha msikilizaji, asikumbuke hata kimoja.

3. Ukimaliza, ngoja kidogo kabla ya kupanga alama

Mwisho wenye machozi huwafanya watu wakipe kitabu sifa ambazo kurasa mia tatu zilizotangulia hazikuzistahili. Mwisho mbaya nao hufuta mazuri yote. Lala usiku mmoja au miwili, kisha rudi kwenye daftari lako usome ulichokiandika njiani. Hapo ndipo utajua kama kitabu kizima kilikushika au ni sura ya mwisho tu.

Nyota zinahitaji tahadhari ya pekee. Kwenye Goodreads, mtandao ambao wasomaji hupanga vitabu alama, nyota tatu kati ya tano maana yake ni kwamba umekipenda kitabu, na mbili maana yake ni kwamba kilikuwa sawa. Watu wengi hawajui hilo, hivyo wakiona tatu hudhani kitabu kimefeli. StoryGraph, mtandao mwingine wa namna hiyo, inaruhusu hadi robo nyota, na bado mtu mmoja humaanisha kitu kimoja kwa nne na robo na mwingine kitu kingine kabisa. Ukitaka kutumia nyota, zitumie kwa kumbukumbu zako. Ukimwambia mtu mwingine, geuza nyota iwe neno: "ningekisoma tena," "nimefurahi kukisoma lakini sirudii," "nilimaliza kwa sababu nilishaanza." Kila mtu anaelewa maneno hayo.

4. Tambua ni nini hasa ulichokipenda

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami naomba tukae kidogo.

Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwatafutia watu vitabu, hueleza kwamba msomaji huingia kitabuni kwa moja ya milango minne: hadithi, wahusika, mandhari, au lugha. Kila kitabu kina milango yote minne, ila haina ukubwa sawa. Anayeingia kwa mlango wa hadithi husema, "Sikuweza kukiweka chini." Wa wahusika husema, "Nilihisi namfahamu yule mama." Wa mandhari husema, "Nilikuwa kama niko kule." Wa lugha husema, "Nilikuwa nasoma polepole ili nisikimalize."

Sikiliza sentensi hizo. Unaposema kitabu ni kizuri, wewe una mlango mmoja kichwani na mwenzako ana mwingine, na ndiyo maana watu wawili waliosoma sana wanaweza kupeana vitabu vibaya mwaka mzima. Mpenda hadithi anampa mpenda lugha riwaya ya mbio na mauaji. Yeye anaona sentensi kavu. Mpenda lugha anamrudishia kitabu cha kurasa mia mbili ambamo mtu mmoja amekaa dirishani akikumbuka. Yule mwingine anauliza hadithi itaanza lini. Wote wawili wamepeana vitabu vizuri, na wote wawili hawakuridhika.

Fanya hivi. Chukua vitabu vitatu unavyovipenda kuliko vyote, na kwa kila kimoja jiulize mlango wako ulikuwa upi. Usikubali jibu la "vyote." Jiulize: kama wangeondoa lugha ile wakaacha hadithi, ningekipenda bado? Kama wangehamisha mambo yote hayo nchi nyingine, karne nyingine? Ukimaliza utaona mlango mmoja unajirudia. Huo ndio wako, na ni lazima uujue, la sivyo utamwongoza kila mtu kupitia humo.

Zaidi ya mlango, zipo sifa nyingine tatu unazopaswa kuzijua kwa kila kitabu unachokusudia kukipendekeza.

Mwendo: kinakimbia au kinatembea? Hili si jambo la idadi ya kurasa. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kitabu chembamba ambacho unaweza kukimaliza kwa kikao kimoja, lakini anayekitarajia kuwa chepesi kwa sababu ya wembamba wake atashangaa. Ni riwaya ya mafumbo na falsafa, inayodai usome, usimame, urudi. Nakipenda mno, na siwezi kumpa mtu anayetafuta kitu cha kupoza kichwa baada ya kazi.

Hali ya moyo: kinakuacha na furaha, huzuni, hasira, matumaini? Mtu aliyefiwa juzi na mtu aliyepata mtoto juzi wanaweza kuwa na ladha moja na wasihitaji kitabu kimoja.

Mahali pake katika mfululizo: kama kinatanguliwa na vingine, sema. Anayetaka kumfahamu mpelelezi Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla aelekezwe *Mzimu wa Watu wa Kale* cha mwaka 1960, ambacho ndicho cha kwanza, ajue tangu mwanzo kwamba vingine vinafuata.

5. Muulize msomaji kabla hujafungua mdomo

Usiulize "unapenda vitabu gani?" Swali hilo humbana mtu, na wengi hujibu kile wanachodhani kinapendeza kusikika. Wakutubi wenye uzoefu huuliza kwa namna nyingine: "Niambie kitabu kimoja ulichokifurahia, na ulifurahia nini ndani yake." Halafu nyamaza umsikilize. Akisema "yule binti alikuwa jasiri," umeshajua mlango ni wahusika. Akisema "sikujua nani ameua mpaka mwisho," ni hadithi. Hata kama hujawahi kukisoma kitabu chenyewe, maneno anayoyatumia yanatosha.

Kisha uliza ni kitabu gani kilimshinda na kwa nini. Jibu la swali hili huwa la kweli zaidi kuliko la kwanza. Mwisho uliza sasa hivi anataka nini: kitu cha kumfariji, cha kumfunza, cha kumkimbizia usiku? Uliza pia anasoma wakati gani. Anayesoma dakika kumi kumi garini anahitaji hadithi fupi au sura fupi. Ukimpa riwaya yenye familia tatu na majina arobaini unamwonea.

Kwa asiyesoma kabisa, acha swali la vitabu. Muulize filamu au tamthilia aliyoifuatilia mpaka mwisho, au habari gani humfanya asikilize mazungumzo ya watu. Milango ni ile ile.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka kanuni tano za maktaba mwaka 1931, na mbili kati yake zinasema kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Nimezishika hizo mbili kwa sababu zinaondoa dharau. Mtu anayetaka riwaya ya mapenzi yenye mwisho mwema ana haki ya kupewa riwaya nzuri ya mapenzi yenye mwisho mwema. Usimpe tanzia ili "akue."

6. Tunga pendekezo lenyewe

Pendekezo zuri halizidi sentensi nne, na hubadilika kulingana na anayepewa. Nitatumia kitabu kimoja kuonyesha: *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999.

Kwa mtu wa wahusika ningesema: "Kuna msichana anaitwa Yasmin, ameozwa mdogo kwa mwanamume anayemzidi umri kwa mbali. Anatoroka, na kuanzia hapo kila mlango anaougonga una bei yake. Utabishana naye njia nzima, na utamtakia heri njia nzima."

Kwa mpenda historia na mandhari: "Ni Zanzibar chini ya ukoloni, siasa zinachemka chini kwa chini, watu wanasambaza makaratasi usiku. Utaona jinsi jamii za asili mbalimbali zilivyoishi ukuta kwa ukuta na jinsi mstari kati yao ulivyokuwa mgumu kuuvuka."

Kwa mpenda lugha: "Msikilize anavyowaacha watu wake wazungumze. Ni Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, chenye mzaha na makali. Soma mazungumzo kwa sauti."

Kitabu ni kimoja, na hakuna uongo katika yote matatu. Nilichofanya ni kuchagua mlango. Angalia pia nisichokisema: sikusema ni maarufu, sikusema kimefanywa filamu, ingawa kimefanywa, mwaka 2021 na Amil Shivji. Habari za aina hiyo huja baadaye, kama mtu ameshavutiwa. Zikija kwanza zinageuka amri ya kufuata kundi.

Muundo ambao naushauri kwa anayeanza ni huu: taja mtu au hali iliyo mwanzoni mwa kitabu, sema kitu kimoja kilichokushika, sema kitu kimoja kinachoweza kumkera, sema kwa nini umemfikiria yeye. Sentensi ya tatu usiiruke. "Kinaanza taratibu," "mwisho hauelezi kila kitu," "kuna majina mengi, andika pembeni" ni maneno yanayomfanya akuamini. Anayesifu tu huonekana anauza.

Toa kimoja. Ukilazimika sana, viwili vinavyotofautiana, achague. Ukimpa saba, umemrudishia kazi aliyokuja kukuomba umsaidie.

Na neno "lazima" liondoe. Kwa watu wengi neno hilo hugeuza starehe kuwa kazi ya darasani.

7. Kipi useme, kipi ufiche

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha utafiti uliowashangaza wengi: wasomaji walioelezwa mapema mwisho wa hadithi fupi walizifurahia kwa wastani zaidi ya wale ambao hawakuelezwa. Miaka minne baadaye, Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum walipata matokeo ya upande wa pili. Kwa hiyo usimwambie mtu "hata ukijua mwisho hakuna kitakachoharibika." Hilo ni lake kuamua. Wapo wanaofungua ukurasa wa mwisho kwanza na wanasoma kwa amani zaidi; wapo ambao ukiwaambia nani amekufa umewanyang'anya kitabu.

Kipimo ninachokitumia: jambo lolote lililo katika robo ya kwanza, au nyuma ya jalada, liseme. Lililo zaidi ya hapo uliza kwanza. Jihadhari na ufichuzi wa kimya kimya pia. Kusema "usimwamini yule daktari" au "subiri uone ukurasa wa 200" ni kufichua. Hata "mwisho utakushangaza" humfanya msomaji awe anatafuta mshangao badala ya kusoma, na mara nyingi ataupata kabla ya wakati wake.

Maudhui mazito yana kanuni tofauti. Kama kitabu kina ubakaji, kujiua, kifo cha mtoto au ukatili wa kina, sema, hata kama inagusa sehemu ya mbele. Huhitaji kueleza nani wala lini. "Ndani kuna kifo cha mtoto, kimeandikwa kwa ukaribu, kama si wakati wake, kiache kwa sasa" inatosha. Hujui kila mtu amebeba nini, na kitabu hakitakimbia.

8. Vitabu usivyovipenda, na ulivyoviacha

Unaweza kuacha kitabu. Nancy Pearl ana kanuni maarufu: kipe kurasa 50; lakini ukishapita umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na kinachobaki ndicho idadi ya kurasa unazopaswa kukipa. Mwenye miaka 70 akipe kurasa 30 tu. Nakubaliana nayo, isipokuwa kwa vitabu ambavyo mtu ninayemheshimu ameniambia waziwazi vinachelewa kuanza.

Ukizungumzia kitabu ulichokiacha, sema uliachia wapi. "Niliacha ukurasa wa 60" ni habari. "Ni kibaya" ni hukumu juu ya kurasa ambazo hujazisoma. Na unapoeleza kilichokukera, kieleze kwa namna ambayo anayekipenda kitu hicho atatambua kuwa ni chake. "Kina maelezo marefu mno ya jikoni" kwa mwingine ni mwaliko. Nimeshanunua vitabu kwa sababu ya lawama za namna hiyo, nikavipenda.

Mtu akikipenda kitabu ulichokichukia, muulize kilimshika wapi. Kubishana kama alipaswa kukipenda hakujawahi kumfikisha mtu popote.

9. Orodha ya vipenzi vyako

Watakuuliza tu: "Vitabu vyako unavyovipenda ni vipi?" Andaa jibu, maana ukiulizwa ghafla akili huleta kile cha juzi au kile cha shuleni.

Tenganisha kitabu unachokiona bora na kitabu unachokipenda. Bora ni kile ambacho unaweza kukitetea mbele ya watu. Kipenzi ni kile ambacho kikipotea utanunua kingine. Orodha ya vipenzi iwe fupi, vitano au sita, na kila kimoja kiwe na sababu yake: kilichokufanya uanze kusoma, unachokirudia ukiwa na huzuni, kilichobadili maoni yako juu ya jambo, kilichokuchekesha, kile ambacho ungempa mtu usiyemjua. Hakikisha si vyote vya riwaya. Weka diwani, tamthilia, wasifu, au kitabu cha maarifa kama unacho cha kweli moyoni. Usiweke kitabu kwa sababu ya jina lake kubwa. Mtu akikuuliza swali moja la ndani ukakwama, sifa ya orodha nzima inashuka.

Ipitie mara moja kwa mwaka. Kikitoka kimoja, andika kwa nini kimetoka.

10. Kukitoa kitabu chenyewe

Kuazimisha ni pendekezo lenye mwili, na lina masharti machache. Andika kwenye daftari umempa nani, kitabu gani, lini. Kubalianeni tarehe ya kuulizana, hata kama ni mbali. Kitabu ambacho kukipoteza kutakuumiza, usikiazimishe. Mwambie kinapopatikana, au mnunulie nakala yake. Mwisho, weka ndani kikaratasi chenye sentensi zako nne za hatua ya sita. Kitabu kikikaa miezi mezani, kikaratasi hicho kitamkumbusha kwa nini alikichukua.

Kuhusu PDF zinazozunguka kwenye makundi bila idhini, msimamo wangu ni mmoja: tuma jina la kitabu, mwandishi na mchapishaji, usitume faili. Mwandishi ambaye kitabu chake kinasomwa na maelfu bila nakala hata moja kununuliwa hatapata mchapishaji wa kitabu cha pili. Kwa asiye na uwezo wa kununua, maktaba, kuazimana, na kununua kwa kuchangiana nakala moja inayozunguka ni njia halali zote, na zina faida ya kuwakutanisha watu.

Mkitaka kusoma pamoja, gaweni kurasa kwa wiki. Riwaya ya kurasa 240 kwa wiki nne ni kurasa 60 kila wiki, kiasi ambacho hata mwenye shughuli nyingi anakimudu. Kila mtu aje na ukurasa mmoja alioupigia alama na swali moja. Aliyechelewa aruhusiwe kuja, wengine wasivuke mahali walipokubaliana. Watu wanne hadi wanane wanatosha. Wakizidi, wawili ndio watakaozungumza.

11. Kufuatilia bila kukera

Usimuulize "umeshamaliza?" kila mnapoonana. Uliza mara moja, baada ya muda wa kutosha, na uliza kwa namna inayompa njia ya kutokea: "Kile kitabu kilikushika au hakikukushika?" Akisema hakikumshika, mshukuru, muulize aliachia wapi, andika kwenye daftari. Sasa unamjua zaidi kuliko ulivyomjua siku ulipompa, na kitabu kijacho kitakuwa karibu zaidi naye.

Akisema kilimshika, usikimbilie kumpa cha pili cha mwandishi yule yule. Muulize ni ukurasa gani au tukio gani analolikumbuka. Mara nyingi atataja kitu ambacho wewe hukukiona, na unaweza kugundua kwamba aliingia kwa mlango tofauti na uliomfungulia. Liandike hilo pia. Kisha mwombe naye akupe kitabu kimoja, na ukisome kabla hujampendekezea kingine.